Mla mwani unayemtafuta yuko ziwani

Ukizamia Ziwa Tanganyika kwenye ufuko wa mawe, iwe ni kando ya mji wa Kigoma au chini ya milima ya Mahale, utaona mawe yamefunikwa na mwani mfupi wa kijani na kahawia, usiozidi milimita chache. Jua la huko ni la mwaka mzima na maji ni maangavu, lakini mwani haurefuki. Anayeuzuia yuko mbele ya macho yako: samaki kwa mamia, midomo maweni, wanakula toka kunapopambazuka hadi giza linapoingia.

Hao ni jamaa wa sato na perege, na wafugaji wa samaki wa mapambo huwaita sikilidi. Ziwa Tanganyika lina spishi zao zipatazo 250, karibu zote hazipo popote pengine duniani. Ziwa Nyasa linakadiriwa kuwa na zaidi ya 800. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban 500, wanaojulikana kando ya ziwa hilo kwa jina la furu, kabla ya maafa nitakayoyaeleza baadaye. Wamefugwa Ulaya, Marekani na Japani kwa miongo mingi, na sasa wako pia katika sebule za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Baada ya wiki chache za kuwafuga, karibu kila mtu huja na swali lile lile: kioo kimeota utelezi, ninunue samaki gani anisafishie?

Dukani jibu huwa limeshaandaliwa. Muuzaji huchovya wavu katika tangi la pembeni, humbandua samaki mweusi aliyeng'ang'ania kioo kwa mdomo, na kusema, "Huyu ndiye fundi wa usafi, bosi. Mweke tu, utaona." Mara nyingi jibu hilo ni baya kwa samaki huyo na kwa wenyeji atakaokwenda kuishi nao. Na kwetu sisi tunaoishi kando ya maziwa haya, linaweza kuwa baya kwa ziwa lenyewe. Kabla hatujaagiza mla mwani kutoka mito ya Amerika ya Kusini au Thailand, tuwatazame wanaoifanya kazi hiyo hapa kwetu tangu mamilioni ya miaka iliyopita.

Tuanze na Tropheus. George Boulenger wa Uingereza ndiye aliyeielezea kisayansi Tropheus moorii mwaka 1898, kutokana na samaki waliokusanywa na msafiri J. E. S. Moore. Ni samaki wa sentimita 12 hivi, mwenye kichwa cha mviringo na mdomo uliotazama chini kidogo, na rangi zake hubadilika kutoka ufuko mmoja hadi mwingine: mwekundu huku, wa manjano kule, mweusi mwenye mkanda mahali pengine. Meno yake ya mbele yamepangwa kwa mstari ulionyooka. Huuma nyuzi za mwani na kuzikwanyua kwa kutikisa kichwa. Jirani yake Petrochromis hula juu ya jiwe hilo hilo, lakini hafuati nyuzi. Mdomo wake mpana umejaa mamia ya meno membamba yenye ncha tatu tatu, nayo hufanya kazi kama kitana: huubandika mdomo jiweni, huufunga, na kuchana chembe ndogo za mwani zilizonasa katikati ya nyuzi, huku nyuzi zenyewe zikibaki. Karibu zaidi na ufuko, mawimbi yanapopiga, kuna Eretmodus, samaki mfupi ambaye kifuko chake cha hewa kimepungua hata hawezi kuelea vizuri. Kutoelea huko humsaidia, kwani hukaa chini asichukuliwe na mkondo, akirukaruka toka jiwe hadi jiwe na kukwangua kwa meno kama ya patasi.

Watafiti wa Kijapani, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakishirikiana na wenzao wa Uvira nchini Kongo, wametumia miaka mingi chini ya maji wakirekodi nani anakula wapi. Walichokikuta ni mgawanyo wa kazi unaoshangaza. Jiwe moja hulisha spishi kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa meno yake na kwa kina chake cha maji.

Upande wa Ziwa Nyasa kazi hiyo hufanywa na mbuna, samaki wa miambani. Mtafiti Geoffrey Fryer aliwachunguza kule Nkhata Bay na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1959. Nimpendaye zaidi kati yao ni Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina la daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn. Pua yake nene imening'inia juu ya mdomo, na mdomo wenyewe umekaa chini kabisa ya kichwa. Mbuna wengine hulazimika kusimama wima kulielekea jiwe ili waume, lakini huyu hulala sambamba nalo, hutegemeza pua na kubandua mwani kwa mdomo wake wa chini. Kwa umbo hilo anaweza kula mahali penye mawimbi ambapo mwenzake angesukumwa. Yuko pia upande wa Tanzania, katika miamba ya mwambao wa Ruvuma.

Mwani wanaoula samaki hawa hauko peke yake. Ndani yake wamo mabuu ya wadudu, vijidudu jamii ya kamba wasioonekana vizuri kwa macho, na mchanga. Ni mlo mwembamba usio na mafuta wala protini nyingi, na ndiyo maana hula mchana kutwa. Utumbo wa Tropheus ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa sababu majani huchukua muda kumeng'enywa. Mfugaji anayewapa moyo wa ng'ombe uliosagwa au minyoo myekundu kwa kuwahurumia huwaletea maradhi ya kuvimba tumbo: samaki hujitenga, huacha kula, hutoa kinyesi cheupe kama uzi na kufa katika siku chache. Kundi zima linaweza kumalizika. Chakula chao kiwe na spirulina kwa wingi. Hicho ni kiumbe kile kile cha kijani kinachowanenepesha flamingo wa Bogoria na Natron.

Kwa hiyo mwenye tangi la mbuna au la Tropheus ana walamwani kumi au ishirini tayari. Mbona basi kioo ni cha kijani?

Kwa sababu tunawashibisha. Samaki aliyezoea chembe laini zinazomwagwa juu ya maji mara tatu kwa siku hana haja ya kukwangua kioo. Wape chakula kidogo mara mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza katika dakika moja au mbili, na siku moja kwa wiki usiwape kabisa. Utawaona wakirudi kwenye mawe na vioo kwa bidii ambayo hakuna samaki wa dukani ataifikia. Hawateseki kwa kufunga siku hiyo moja. Wanafanya walichoumbiwa.

Sababu nyingine ni msongamano. Mbuna ni wagomvi, na wafugaji huwajaza kwa makusudi ili hasira ya dume mmoja igawanyike kwa wengi asipate mmoja wa kumwandama hadi kumuua. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini gharama yake ni uchafu. Bakteria wa kichujio hubadilisha amonia inayotoka kwa samaki na kinyesi chao kuwa nitrati, chakula huleta fosfati, na mwani huzitumia zote mbili kama mbolea. Wauzaji hawalisemi hili: mla mwani hauondoi uchafu tangini. Anaula mwani na kuutoa upande wa pili, na virutubisho vyake hubaki majini vikilisha mwani mwingine. Ukiongeza samaki wa kusafisha katika tangi lililojaa, umeongeza mchafuzi. Kinachoutoa uchafu nje ya tangi ni kubadilisha maji, theluthi moja hivi kila wiki, na mpira wa kunyonya mabaki yaliyotuama mchangani. Taa iwake saa nane kwa siku, isizidi kumi, na tangi lisikae dirishani panapopiga jua. Katika miji yetu jua la dirishani peke yake linatosha kugeuza tangi kuwa la kijani.

Inafaa pia kujua ni mwani upi ulionao. Ule wa kahawia unaofutika kwa kidole hutokea katika matangi mapya na huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Maji yakiwa ya kijani yenyewe, mwani unaelea, na hakuna samaki wa kukwangua atakayeufikia. Utando wa kijani-bluu unaotelezea juu ya mchanga na kunuka ni bakteria, na karibu hakuna mnyama wa tangini anayeugusa. Huo uvute kwa mpira, zima taa siku tatu, badilisha maji. Walamwani husaidia kwa aina mbili tu za kweli, nyuzi fupi za kijani na utando laini wa mawe, na hizo ndizo sikilidi wenyewe wanazozipenda.

Nina maoni makali juu ya jambo moja: mawe yaachwe. Futa kioo cha mbele kwa sifongo jipya lisilowahi kugusa sabuni, kisha uache kioo cha nyuma na mawe yote yaote. Tangi la samaki wa Tanganyika lenye mawe meupe yaliyosuguliwa linawanyima wakazi wake kazi, chakula na sehemu ya tabia zao. Dume wa Petrochromis hulinda eneo lake la mwani kwa nguvu zote. Bila mwani hana cha kulinda, na hasira hiyo huimalizia kwa majike.

Lakini kuna matangi yasiyo na walamwani. Wako wanaofuga samaki wa Nyasa wanaowinda samaki wenzao, au wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, ambao hawagusi kioo. Hawa wanaweza kuhitaji msaidizi wa nje. Kumchagua, jiulize kama ataishi katika maji magumu yenye pH ya 8 na zaidi, kama atahimili kupigwa, na atafikia ukubwa gani.

Anayefaulu mtihani huo kuliko wengine ni Ancistrus, mdogo kati ya samaki wanaong'ang'ania kioo kwa mdomo waitwao pleko, ambaye dume lake huota vinyweleo vya nyama puani. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, lakini waliozalishwa na wafugaji kwa vizazi vingi wamezoea maji magumu. Hazidi sentimita 15, ana magamba ya mfupa, na hujificha mchana katika pango analolitetea. Nunua aliyefikia sentimita sita au saba, kwani mbuna humdonoa mdogo macho na mapezi. Mlishe usiku taa ikishazimwa: kipande cha tango, mumunye, au mchicha uliochemshwa kidogo. Wengi wa samaki hawa hufa kwa njaa, kwa sababu mwenye tangi anadhani mwani unatosha. Hautoshi, na mchana sikilidi hawamwachii kitu.

Pleko mkubwa, yule wa jenasi Pterygoplichthys anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, usimnunue. Hufikia sentimita 40 na zaidi, hutoa kinyesi kingi kuliko samaki wote waliomo, na akiwa mkubwa huacha mwani na kungoja chakula. Gyrinocheilus wa Thailand, anayeuzwa kwa jina la mla mwani wa Kichina, ni mbaya zaidi kwa kuwa ubaya wake huchelewa kuonekana. Akiwa mdogo hufanya kazi vizuri. Akipita sentimita kumi hivi huanza kujibandika ubavuni mwa samaki wenzake na kulamba ute wa ngozi zao, na mahali hapo huoza. Otocinclus ni mdogo mno na wa maji laini, mbuna humwona kama chakula. Crossocheilus, mwembamba mwenye mstari mweusi unaofika hadi ncha ya mkia, anaweza kustahimili katika tangi kubwa la samaki wapole, lakini simpendekezi kwa mbuna.

Gogogo, samaki wa jenasi Synodontis, nao huuzwa kama wasafishaji, eti kwa kuwa hukaa chini. Hawali mwani wa kutosha kuitwa hivyo. Yule wa madoadoa wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, anastahili kufugwa kwa sababu nyingine: hutaga mayai yake wakati sikilidi wanaoatamia mdomoni wanapotaga, jike wa sikilidi huyaokota pamoja na yake, na vifaranga vya gogogo hula vya mwenye nyumba ndani ya mdomo wake. Mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato aliutangaza ugunduzi huo mwaka 1986, na mpaka leo hajulikani samaki mwingine anayefanya hivyo.

Kuhusu konokono lazima niseme kwa kirefu kidogo, maana hapa kuna hatari inayotuhusu sisi kuliko mfugaji wa Berlin. Konokono wa jamii ya Neritina ni walamwani hodari, na gamba lao gumu humshinda mbuna wa kawaida. Mmoja wao, Neritina natalensis, ni wa kwetu kabisa: huishi kwenye midomo ya mito na mikoko ya pwani ya mashariki ya Afrika. Mabuu yao huhitaji maji ya chumvi, kwa hiyo hawazaliani tangini. Wataacha tu vidoa vyeupe vya mayai juu ya mawe. Wanapenda maji magumu. Dawa za samaki zenye shaba huwaua.

Lakini usiokote konokono ziwani, mtoni au kwenye mfereji wa umwagiliaji ukamtia tangini. Konokono wa jenasi Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na hao wamejaa katika maji yetu. Aliyeambukizwa huachia majini vimelea vinavyopenya ngozi, na mkono wako unaosafisha tangi ni ngozi ya kutosha. Konokono wakubwa wa Pomacea nao waepuke hata wakiuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2020 walithibitishwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na tangu hapo wakulima wamekuwa wakipambana nao wakitafuna miche.

Maji yenyewe hutofautiana mji na mji. Nairobi hunywa maji laini kutoka milima ya Aberdare, kwa hiyo mfugaji wa huko huhitaji changarawe za mawe ya chokaa ndani ya tangi au kichujio ili pH ipande na kutulia. Penye visima vya maji magumu, kama sehemu nyingi za pwani, kazi hiyo imeshafanywa na ardhi. Kumbuka tu kwamba pH ikiwa juu, amonia huwa sumu kali zaidi. Tangi jipya lisilo na bakteria wa kutosha halipaswi kujazwa samaki, wawe wasafishaji au wasiwe.

Na pleko akishakuwa mkubwa kupita tangi, anakwenda wapi? Hili ndilo linaloninyima utulivu. Huko Mexico, katika bwawa la Infiernillo, pleko waliotoroka au kuachiliwa waliongezeka hadi kujaza nyavu za wavuvi wa perege na kuvuruga uvuvi mkubwa wa maji baridi. Wamevamia pia Florida, Ufilipino na Bangladesh. Huchimba mashimo katika kingo za mito na hula mwani ule ule ambao samaki wenyeji wanautegemea. Mfugaji wa Berlin akimtupa pleko wake mtoni, baridi itamuua. Akitupwa Bujumbura, Kigoma, Mwanza au Kisumu, maji ni ya joto mwaka mzima, na mawe yenye mwani yako mita chache kutoka ufukoni.

Tumekwisha kuona mgeni anavyoweza kufanya. Kamba wa Louisiana waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na kutafuna mimea ya majini. Sangara walitiwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, wakafumuka miaka ya 1980, na spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikabaki chache mno. Miongoni mwa furu walikuwamo wengi wanaokula mwani, waliokwangua mawe na waliochuja maji. Kupungua kwao, pamoja na mbolea na maji taka yanayotiririka kutoka mijini, kulisaidia maji ya ziwa hilo kuwa mazito na ya kijani. Giza hilo la maji likaleta hasara ya pili. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba jike wa furu huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka hazioni tena, spishi zikachanganyika. Bado wapo wanaokwangua mawe katika visiwa vya Ghuba ya Mwanza, jamaa wa Neochromis, majirani wa Pundamilia nyererei aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wafugaji wa ng'ambo wanawathamini sana. Kwetu ni vigumu kumwona hata mmoja katika tangi la shule.

Ningependa kuwaona huko. Tangi la lita 300, mawe, kundi la mbuna au furu wa miambani waliozalishwa na mfugaji, taa ya saa nane, chakula kidogo: mtoto wa darasa la sita angejifunza hapo jinsi ziwa linavyojilisha, kwa kumtazama samaki akila jiwe.

Aliye na pleko mkubwa leo amrudishe kwa aliyemuuzia, au amtafutie mwenye tangi la lita elfu moja. Bwawa la bustani linalofurika mvua za masika halifai, kwa kuwa mafuriko humfikisha mtoni. Mchanga na mawe ya tangi unalolivunja yakaushwe juani kwa siku kadhaa kabla ya kutupwa. Na maji unayoyatoa kila wiki usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea ziwani, kwani yanaweza kubeba mayai ya konokono na vifaranga usivyoviona. Yamwage kwenye mboga au maua. Mimea huyapenda kwa nitrati ile ile iliyokuwa ikiotesha mwani kwenye kioo.